Sura ya Sita: Steringi Asiyejulikana

Ukipita Kariakoo mwezi Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, mabegi ya watoto yananing'inia kuanzia mlangoni hadi darini, na mashujaa wake ni wale wale wa miaka yote. Spider-Man yupo, Batman yupo, Superman yupo. Doctor Strange humwoni. Hata kwao Marekani, kabla ya mwaka 2016, ukiwatoa wagonjwa wa komiki, waliokuwa wanamjua hawakuwa wengi. Hata hivyo studio za Marvel zilimwaga dola milioni 165 kumtengenezea filamu yake, na filamu hiyo ikauza tiketi za zaidi ya dola milioni 670 duniani. Watu hao wote walikwenda kutazama nini?

Jibu la haraka ni kwamba walifuata nembo ya Marvel, na lina ukweli wake. Doctor Strange ilikuwa filamu ya 14 katika mfululizo ulioanza na Iron Man mwaka 2008, na watazamaji walishazoea kuletewa mtu wasiyemjua na kuambiwa wampende. Walishaupenda hata mti unaotembea, katika Guardians of the Galaxy ya 2014. Lakini nembo humfikisha mtu mlangoni tu. Haimfanyi atoke anasimulia njia nzima mpaka nyumbani. Filamu hii watu waliisimulia, na waliposimulia hawakuanza na kisa. Walianza na majengo: ghorofa zinajikunja, barabara inasimama wima, watu wanakimbia ukutani. Macho ndiyo yaliyoshikwa. Na macho yalipewa karamu hiyo kwa sababu ambayo wenye fedha za sinema kwa kawaida huihesabu hasara, yaani shujaa mwenyewe hakujulikana.

Muongozaji anayekabidhiwa Batman anapokea shamba la urithi lenye wadai wengi. Wazazi lazima wauawe uchochoroni, lulu za mama lazima zitawanyike chini, gari lazima liwe jeusi. Akigusa kimojawapo, mashabiki wanamkalia kikao. Spider-Man naye ana ami yake ambaye sharti afe, na kila kizazi kinamlilia upya. Doctor Strange hakuwa na wadai wa namna hiyo. Wachache waliokuwa wanamkumbuka walikumbuka zaidi michoro, na michoro ndiyo ambayo muongozaji Scott Derrickson alitaka kuirudisha.

Basi ni lazima twende kwa mchoraji.

Steve Ditko alizaliwa Johnstown, Pennsylvania, mwaka 1927. Mwaka 1962, akiwa na mwandishi Stan Lee, alimleta duniani Spider-Man, na hilo peke yake lingetosha kumlisha mtu sifa hadi kaburini. Mwaka uliofuata, katika toleo la 110 la jarida la Strange Tales, akachora hadithi ya kurasa 5 tu, iliyobanwa nyuma ya ile ya Human Torch aliyekuwa ndiye mwenye jarida. Mhusika wake alikuwa mtu mwenye masharubu, mjuzi wa mambo ya siri, anayeingia katika ndoto ya mgonjwa ili kumpigania humo humo. Lee, ambaye hakuwa mgumu wa kujisifu, alikiri katika barua kwa shabiki mmoja kwamba wazo hilo lilikuwa la Ditko.

Mwanzoni ni hadithi ya kawaida. Lakini Ditko alipozoea, akaanza kufungua milango. Shujaa wake akawa anapita katika ulimwengu ambao hauna juu wala chini: njia nyembamba zinazoelea bila nguzo, kinywa chenye meno kilicho peke yake katikati ya utupu, mlango ambao ukiuzunguka nyuma hauna nyuma. Katika toleo la 126, mwaka 1964, akamleta Dormammu, mtawala wa ulimwengu wa giza, ambaye kichwani hana nywele wala taji, ana moto. Yote haya yalichapwa kwenye karatasi ya bei rahisi, kwa rangi chache, yakauzwa kwa senti kwa watoto.

Watoto walisoma, na kaka zao wa vyuoni nao wakasoma. Oktoba 1965, vijana wa San Francisco waliandaa dansi kubwa ukumbini na kuiita kwa heshima ya Doctor Strange. Mwaka 1968 bendi ya Pink Floyd iliweka picha yake, iliyofichwa katikati ya michoro mingine, kwenye jalada la santuri yao ya pili. Zama zile za nywele ndefu na dawa za kupumbaza, wengi waliamini kwamba mchoraji mwenyewe lazima alikuwa anatumia. Ukweli ni kinyume kabisa. Ditko alikuwa mtu wa kanuni kali, mfuasi wa falsafa ya Ayn Rand, asiye na mzaha na ulevi wa aina yoyote. Aliondoka Marvel mwaka 1966, akakataa mahojiano na picha kwa karibu nusu karne, akaendelea kuchora New York hadi alipofariki mwaka 2018. Dunia zile za kupinda hazikutoka kwenye moshi. Zilitoka kwenye kichwa cha mtu makini aliyejiuliza, kwa utulivu, nafasi ingekuwaje kama isingefuata amri za nafasi.

Mwaka 1978 televisheni ya CBS ilijaribu kumtengenezea Doctor Strange filamu. Peter Hooten akaigiza, na matumaini yalikuwa kwamba ingezaa mfululizo. Haikuzaa. Ukimwondolea Doctor Strange dunia za Ditko unabaki na bwana mwenye joho anayenyoosha mikono, na bwana huyo hamtishi wala hamfurahishi mtu. Ilibidi kompyuta zikue kwanza.

Derrickson hakujulikana zaidi kwa filamu kubwa. Alitokea kwenye filamu za kutisha, The Exorcism of Emily Rose ya 2005 na Sinister ya 2012, kazi za bajeti ndogo ambazo humfundisha muongozaji jambo moja muhimu: kinachoonekana kwenye picha lazima kimguse mtu wa kwenye picha, la sivyo hakimtishi mtazamaji. Nadhani somo hilo ndilo lililoiokoa Doctor Strange isiwe maonyesho ya fataki.

Stephen Strange, anayeigizwa na Benedict Cumberbatch, ni daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Ana kiburi cha kuchukiza. Tunaonyeshwa droo yake ya saa za mkononi, zimepangwa, zinazunguka taratibu zenyewe, na anachagua moja. Anaendesha gari la mbio usiku huku akitazama picha za vichwa vya wagonjwa, akichagua yupi atampa heshima ya kumtibu na yupi ataharibu rekodi yake. Gari linapinduka. Anazinduka hospitalini na kuona mikono yake imeshikizwa kwa vyuma, na jambo la kwanza analofanya ni kumlaumu mwenzake aliyeiunganisha. Anamaliza fedha zake kwenye matibabu, anamfukuza kwa maneno mwanamke anayempenda, kisha anafika Kathmandu akiwa na ndevu za mtu aliyekata tamaa na saa moja iliyobaki, zawadi ya mwanamke huyo. Vibaka wanaitaka. Anapigania saa hiyo kwa mikono isiyoweza hata kukunja ngumi, na kioo chake kinavunjika.

Mitaa hiyo ni ya kweli. Waigizaji walipiga picha Nepal Novemba 2015, miezi michache baada ya tetemeko la Aprili lililoua karibu watu 9,000, na umati unaopita nyuma ya Cumberbatch una uzito ambao studio ya Uingereza, zilikopigwa sehemu nyingi za filamu, isingeweza kuujenga.

Halafu anakutana na Ancient One, mwalimu mkuu wa mahali paitwapo Kamar-Taj. Strange anamdharau. Anasema haamini mambo ya roho na mizunguko ya nguvu mwilini. Mwalimu anamsukuma kifuani kwa kiganja, na roho inamtoka, inaelea nyuma ya mwili wake ikiwa imepigwa na butwaa. Kisha anamrusha. Kinachofuata ni dakika chache ambazo mimi huzihesabu miongoni mwa bora kabisa katika filamu zote za mashujaa hawa. Strange anapaa nje ya dunia, anaanguka ndani ya rangi, anapita kwenye mashimo yanayojizaa. Na katikati ya safari hiyo anatazama vidole vyake. Kwenye ncha ya kila kidole kunachipua mkono mdogo, na vidole vya mkono ule vinachipua mikono midogo zaidi, na ile nayo vivyo hivyo.

Mtazamaji anacheka au anasisimka, na picha inapita. Lakini mtazame huyo mtu ni nani. Ni daktari aliyepoteza mikono. Kitu pekee alichokuja kuomba upande huu wa dunia ni mikono, na anapewa mikono mpaka anapiga kelele. Hakuna mwandishi wa muswada ambaye angeyaweka haya katika maneno bila kuyachosha. Picha imeyasema kwa muda wa kupepesa jicho. Anapoanguka chini, jasho linamtoka, anaomba kufundishwa. Anajibiwa neno moja: hapana.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema filamu hii ni madoido matupu. Madoido matupu ni yale ambayo ukiyatoa kisa kinabaki kama kilivyokuwa. Hapa ukiyatoa, mhusika anaondoka nayo.

Sehemu inayosifiwa zaidi ni ile ya New York. Wachawi wa filamu hii wanaweza kuingia Ulimwengu wa Kioo, nakala ya dunia yetu ambayo ukivunja kitu ndani yake huku nje hakuna anayesikia. Adui, Kaecilius, anapata nguvu ya kuupinda ulimwengu huo apendavyo, na anamkimbiza Strange na mwenzake Mordo mitaani. Barabara inainuka. Jengo linajigawa kama meno ya gia, kila jino likiwa na madirisha, kila dirisha likizaa jengo. Waliotengeneza picha hizi walichukua msaada kutoka kwenye hisabati ya maumbo yanayojirudia ndani yake yenyewe, ile iliyopewa umaarufu na Benoit Mandelbrot, na kutoka kwa Mholanzi M. C. Escher aliyechora ngazi zinazopandwa na watu wasiokubaliana chini ni wapi.

Watu wengi walikimbilia kusema kwamba Inception ya mwaka 2010 ilishafanya hivyo. Ndiyo, Christopher Nolan aliikunja Paris. Lakini aliikunja mara moja, taratibu, na wahusika wake wakasimama wakiitazama kama wakaguzi wa jengo. Katika Doctor Strange hakuna anayesimama. Mtu anakimbia na sakafu inakuwa ukuta kabla mguu haujatua, na jicho la mtazamaji linalazimika kutafuta upya, kila sekunde, mwili wa mtu uko wapi. Kuna mzaha mtamu humo: Strange na Mordo wanajibamiza kwenye basi, na ndani yake Stan Lee mwenyewe, mzee sasa, anacheka na kitabu cha Aldous Huxley kuhusu dawa zinazobadilisha fahamu. Hana habari na vita vilivyo sentimita chache kutoka usoni pake. Waliotengeneza filamu walijua fika yale yaliyosemwa juu ya Ditko.

Joho jekundu nalo linastahili neno. Halina mdomo wala macho, lakini lina tabia. Linamchagua Strange lenyewe, linamvuta upande anaopaswa kwenda anapong'ang'ania upande mwingine, na baada ya kifo cha mwalimu linamfuta machozi shavuni kwa ukosi wake mpaka analiambia liache. Katika filamu yenye waigizaji wakubwa hivi, kitambaa kimeiba tukio.

Sasa tufike Hong Kong. Kwa miaka mingi filamu hizi zilikuwa na mwisho mmoja: jiji linabomolewa, mwanga unashuka kutoka angani, shujaa anazuia katika sekunde ya mwisho. Doctor Strange inaanza pale ambapo nyingine zinaishia. Strange anafika jiji likiwa limeshabomoka na watu wameshakufa. Anafungua hirizi iliyo shingoni mwake, Jicho la Agamotto, na kuurudisha muda nyuma. Wapiganaji wanasonga mbele huku kila kitu kingine kikirudi kinyumenyume. Matofali yanaruka kutoka ardhini na kurudi ukutani, vumbi linajikusanya, maji yanaingia tena kwenye matangi. Hatari yenyewe imegeuka: mtu anaweza kunaswa ndani ya ukuta unaojijenga. Sijui filamu nyingine ya aina hii ambayo kilele chake ni jiji kujengwa.

Baada ya hapo linakuja jambo ambalo sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tunapaswa kulitazama kwa makini kuliko wengine. Kule kibandani tulikuwa na kanuni isiyohitaji kuandikwa: steringi hafi. Aliyechelewa kuingia alimuuliza jirani steringi ni nani, akishaonyeshwa anatulia, kwa kuwa yule hata apigwe risasi ngapi atafika mwisho. Doctor Strange inaivunja kanuni hiyo na kuitii kwa wakati mmoja. Strange anakwenda peke yake kwa Dormammu, kiumbe asiyejua muda, na kumwambia amekuja kupatana. Dormammu anamuua. Papo hapo Strange anatokea tena na kurudia maneno yale yale, kwani ameufunga muda kwa ile hirizi ujirudie bila kikomo. Anachomwa, anasagwa, anatobolewa. Steringi anakufa, na anakufa, na anakufa, mpaka kiumbe mwenye nguvu zote anachoka na kuomba aachiliwe. Sauti ya Dormammu na mienendo ya uso wake pia ni vya Cumberbatch, kwa hiyo, ukitaka kulichukua hivyo, mtu yule anabishana na ukubwa wake mwenyewe.

Daktari aliyekataa wagonjwa ili rekodi yake isichafuke sasa anashinda kwa kukubali kushindwa milele.

Isije ikaonekana nimelewa. Filamu ina udhaifu, na baadhi ni wa aibu. Mads Mikkelsen, aliyepata tuzo ya mwigizaji bora Cannes mwaka 2012, amepewa adui mwenye macho yaliyoungua na hotuba mbili. Rachel McAdams, ambaye ndiye yule mwanamke anayempenda Strange, amewekwa hospitalini kungoja kuitwa. Kisa chenyewe, tajiri mjuvi anajeruhiwa, ananyenyekezwa, anaota ndevu nzuri, anageuka mkombozi, ni kile kile cha Iron Man. Na kuna suala la Ancient One. Kwenye komiki ni mzee wa Tibet, kwenye filamu ni Tilda Swinton, Mzungu aliyenyoa kichwa. Watengenezaji walisema walikuwa wanaikwepa picha ya kizamani ya mzee mwenye hekima wa Mashariki. Wakosoaji wakauliza kwa nini njia ya kukwepa iwe ni kumwondoa Mwasia. Swinton ameigiza vizuri sana, lakini wakosoaji walikuwa na haki, na mwaka 2021 bosi wa Marvel Studios, Kevin Feige, alikubali kwamba walikosea. Kwa Wong walifanya vizuri zaidi: mtumishi wa nyumbani wa miaka ya 1960 amekuwa mkutubi mkali, mwalimu, na baadaye mkubwa wa Strange kwa cheo.

Kwenye tuzo za Oscar za mwaka 2017 filamu ilipendekezwa kwa madoido ya picha, ikashindwa na The Jungle Book. Wanyama wanaofanana na wanyama waliwavutia wapiga kura kuliko majengo yasiyofanana na kitu.

Ushahidi wa mwisho wa hoja yangu uko kwenye filamu ya pili. Ilipofika mwaka 2022 Strange alikuwa ameshapita kwenye Infinity War, Endgame na No Way Home. Sasa alijulikana. Derrickson aliondoka Januari 2020 kwa kutokubaliana kuhusu mwelekeo, na Sam Raimi, bingwa kwa haki yake, akaingia. Doctor Strange in the Multiverse of Madness ilikusanya zaidi ya dola milioni 950. Lakini itazame: mhusika amebebeshwa madeni. Lazima afunge kisa cha mfululizo wa televisheni, lazima wageni mashuhuri watokee ili ukumbi upige makofi, na mtu anakaa kuhesabu sura badala ya kutazama. Mara moja tu pumzi ya Ditko inarudi, pale Strange wawili wanapopigana kwa kurushiana noti za muziki zilizong'olewa kwenye karatasi, kila noti ikilia inapogonga. Ni tukio fupi. Filamu yote ingeweza kuwa hivyo kama isingekuwa na watu wengi wa kuwaridhisha.

Kama hujaiona ile ya 2016, usiianze kwenye simu, wala kwenye ile nakala ya flashi ambayo kichwa cha mtu kinakatiza skrini. Tafuta kioo kikubwa kuliko vyote unavyoweza kuvipata, hata kwa kuazima sebule ya jirani, na zima taa. Halafu tafuta Strange Tales za Ditko, toleo la 110 hadi la 146, ambazo zimekusanywa vitabuni. Mwenye haraka aanze na la 126.